Kanzu Vitani: Kushona Vazi la LARP Linalovalika

BARAKA: Karibuni tena kipindini. Mimi Baraka, na mwenzangu ni yule yule. Da Zuhura, shikamoo.

ZUHURA: Marahaba, mdogo wangu.

BARAKA: Leo ni nguo za LARP. Kwa asiyejua, ni mchezo ambao watu wanavaa uhusika, wanahamia porini siku kadhaa, wanaishi huko kama askari, wachawi au wachuuzi. Hakuna maneno ya kukariri, kila mtu anajitungia papo hapo.

ZUHURA: Na huku Ujerumani tunakoishi ni jambo kubwa. Kuna Drachenfest kule Diemelstadt, ilianza 2001. Kuna ConQuest kule Brokeloh, tangu 2004. Maelfu ya watu, mahema, moto wa kuni, na mvua ikinyesha, matope. Msikilizaji ayaweke kichwani hayo matope kabla hajashika mkasi.

BARAKA: Mimi nilidhani unaanza na picha. Unatafuta shujaa unayempenda, unamwiga.

ZUHURA: Ukishonea picha, umeshona nguo ya kusimama. Kwenye LARP unakimbia, unachuchumaa, unainua upanga, na usiku baridi ikizidi unalala nayo. Mteja akinionyesha picha kwenye simu, namwambia weka simu mezani, inua mikono yote miwili. Chuchumaa. Haya, sasa niambie utakwendaje choo saa nane usiku, kwenye kile kibanda cha plastiki kisicho na taa.

BARAKA: (anacheka) Da Zuhura!

ZUHURA: Cheka tu. Suti ya kipande kimoja inayofungwa kamba mgongoni inataka mtu wa kukuvua na wa kukuvika. Utamwamsha nani?

BARAKA: Basi tuingie kwenye mkato wenyewe. Shati la kawaida likishonwa kwa kitambaa kizito, halitoshi?

ZUHURA: Inua mkono ukiwa na shati la ofisini. Umeona? Shati zima linapanda, pindo linachomoka kwenye suruali. Ukilivaa kupigana, litachanika kwapani. Sasa kumbuka kanzu ya kwetu inavyokatwa. Badani mbele na nyuma, zimenyooka. Mikono imenyooka. Pembeni taharizi, zinaanza nyembamba juu na kupanuka kuelekea chini. Na kwapani unatia kikwapa, kile kipande kidogo kinachouachia mkono upande bila kuvuta nguo nzima.

BARAKA: Hiyo ni kanzu. Mteja wako anataka kuwa askari wa Ulaya ya zamani.

ZUHURA: Ndiyo hapo sasa. Mwaka 1936 kule Sweden, kwenye kinamasi cha Bocksten, ulipatikana mwili wa mtu wa karne ya 14 na nguo zake zimehifadhika vizuri mno. Na kabla ya hapo, 1921, Wadenmaki walichimba makaburi ya Herjolfsnes, Greenland, wakatoa magauni ya sufu. Ukitazama michoro ya nguo hizo, fundi wa kanzu hapotei. Mapande ya pembetatu yametiwa pembeni ili chini kupanuke, mguu upate hatua. Kitambaa kilifumwa kwa mkono, kilikuwa ghali, kwa hiyo walikata wakibana, chakavu kisibaki.

BARAKA: Kwa hiyo fundi wa Unguja anaweza kumshonea Mjerumani nguo ya babu yake.

ZUHURA: Anaweza sana! Anakatia magotini, anaacha mpasuo mbele na nyuma, anatia mkanda. Kwisha. Wengine wananunua ramani za kukatia kwa pesa nyingi, na mtu alishakua akiziona nyumbani.

BARAKA: Kitambaa je? Polyester ni rahisi, na inakauka upesi.

ZUHURA: Jioni watu wote wamezunguka moto. Cheche ikiangukia polyester, inayeyuka na kugandia ngozi. Sufu haishiki moto kirahisi, inaungua pale pale ikawa majivu, mara nyingi unaipangusa tu. Tena sufu inanyonya unyevu hadi karibu asilimia 30 ya uzito wake kabla hujahisi umelowa. Ndani vaa kitani, juu sufu. Blanketi kuukuu za sufu za jeshi zinapatikana mitumbani, moja unatoa joho zuri. Ila joho likome juu ya kifundo cha mguu. Linaloburura linakanyagwa na wa nyuma yako.

BARAKA: Na deraya, lile vazi la kujikinga vitani? Maana wengi ndiyo wanayoiota.

ZUHURA: Ya vipete vya chuma ina kilo kumi na zaidi, yote inaning'inia mabegani. Ukifunga mkanda mpana na kuivuta juu kidogo, nyonga inabeba sehemu ya mzigo, utashangaa tofauti. Wasiotaka chuma wanatumia sponji ya EVA, ile ya mikeka ya kuchezea watoto. Unakata, unapitisha hewa ya moto juu ya sponji ili ijifunge, unagundisha dirisha likiwa wazi maana ile gundi inalevya, unapaka rangi. Nyepesi sana. Lakini sponji haipumui, utachemka humo. Acha nafasi kwapani na ubavuni, usijizungushie kama pipa.

BARAKA: Mapanga nayo ni sponji, sivyo?

ZUHURA: Sponji juu ya kijiti, imepakwa mpira. Kwa hiyo usishone chochote chenye ncha kwenye nguo yako. Pini ndefu, miiba ya chuma, bizimu iliyochongoka: inachana panga la mwenzio, au inamchoma mtu mkianguka pamoja.

BARAKA: Kuna msikilizaji kauliza: mtu wa pwani akienda huko, lazima ajigeuze Mzungu?

ZUHURA: Kwa nini? Mchezo unaoruhusu majoka utamkataa mfanyabiashara wa mwambao? Kanzu, kizibao juu yake, joho, kilemba. Vaa ukiwa na jina, ukoo na bidhaa unazouza, usivae "Mwafrika" tu. Nimechoka na manyoya na chui wa bandia. Halafu soma kanuni za mchezo wenyewe. Drachenfest, kwa mfano, kambi zinajipambanua kwa rangi za majoka. Mshipi wa rangi ya kambi yako uonekane kwa mbali, usije ukapigwa na wenzako.

BARAKA: La mwisho. Nguo mpya inang'aa dukani-dukani. Inazeeshwaje?

ZUHURA: Kitani au pamba nyeupe iloweke kwenye chai ya rangi, iliyokolea. Viwiko na pindo vipitishe msasa. Na kabla ya yote, kitambaa kifue kabla hujakikata, kirudi kikiwa bado kitambaa.

BARAKA: Hata kanzu yangu ya Ijumaa naweza kuizeesha?

ZUHURA: Hiyo iache kabatini. Nunua mita nne, njoo nayo Jumamosi, tukate.