Kanisa na Mfiwa: Mhadhara kwa Viongozi wa Jumuiya, Kampala

Tumsifu Yesu Kristo. Baba Paroko, makatekista, wenyeviti na wahazini wa jumuiya, akina mama na akina baba mlioacha shughuli zenu za Jumamosi, nawashukuru kwa kunipa nafasi hii. Niliombwa nizungumzie namna kanisa linavyosimama na mfiwa, na ninalotaka kulitetea mbele yenu ni hili: utaratibu wa msiba uandikwe na kukubaliwa wakati hakuna aliyekufa, na uwe uleule kwa kila muumini, awe na jamaa wengi au asiwe na hata mmoja.

Watu wa nchi hii walijua kuzikana kabla ya wamisionari. Wamisionari wa Afrika, yaani Mapadre Weupe, walipofika Buganda mwaka 1879 waliwakuta Waganda wakipeleka msibani nguo za magome ya mti wa mutuba za kumviringishia marehemu. Mchango huo wa mabugo upo hadi leo, isipokuwa sasa ni fedha taslimu zinazoandikwa daftarini na kusomwa hadharani. Huko Kigezi na Ankole, ambako vilima vingi havikuwa na barabara, vikundi vya engozi vilibeba wagonjwa kwa machela hadi hospitalini na kuwabeba marehemu hadi kaburini, na mwanachama aliyekosekana bila sababu alitozwa faini. Vikundi hivyo vilikuwa imara kiasi kwamba Hospitali ya Kisiizi, ya Kanisa la Uganda, ilipoanzisha bima ya afya mwaka 1996, iliijenga juu yake. Nawaomba mlitazame sana jambo hilo, kwa sababu linaonyesha kwamba huruma yenye daftari, kanuni na zamu huishi muda mrefu kuliko huruma inayosubiri kuguswa.

Maaskofu wa Afrika Mashariki, kupitia AMECEA, umoja wa mabaraza yao, walipoamua mwaka 1976 kuzifanya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo kuwa kipaumbele cha kazi ya kichungaji, hawakujua ni mzigo gani ungeziangukia muda si mrefu. UKIMWI ulibainika Kasensero, huko Rakai, mwaka 1982, na katika miaka iliyofuata kulikuwa na vijiji vilivyozika mara kwa mara hata ikabidi siku za matanga zipunguzwe, maana kwa desturi watu hawaendi shambani kabla ya maziko, na shamba lisipolimwa watoto wa marehemu wanalala njaa. Makanisa yalijifunza wakati ule kwamba msiba unaweza kuendeshwa kwa heshima kamili bila kufuja. Naona tunausahau ujuzi huo tulioupata kwa uchungu mkubwa, tunaporudi kushindana kwa majeneza na hema.

Sasa nitazame hali yetu sisi tunaosali Kiswahili. Katika Uganda mtu hutarajiwa kuzikwa kwenye ardhi ya ukoo wake, ndiyo maana kila wiki magari hutoka Kampala yakiwa na majeneza kuelekea Arua, Kisoro au Tororo, na familia huchangiwa zaidi kwa ajili ya safari kuliko kitu kingine chochote. Lakini kati yetu wamo waliokimbia vita Kongo, wengine wakapitia makazi ya wakimbizi ya Nakivale au Kyaka II kabla ya kuja mjini, na hao hawana pa kurudisha marehemu wao. Mtu wa namna hiyo anapofariki, hakuna mjomba wa kwenda chumba cha maiti, hakuna shangazi wa kumwosha, hakuna vijana wa ukoo wa kuchimba kaburi, na hakuna anayejua ni wapi pa kuomba ardhi. Kazi hizo zote ni zetu. Jumuiya ndiyo inayofuata barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, ndiyo inayokesha na mjane juu ya mkeka, ndiyo inayopanga nani aimbe, nani apike na nani awachukue watoto wadogo usiku ule.

Nimehudhuria misiba ambapo orodha ya michango ilisomwa kwa muda mrefu kwa sababu marehemu alikuwa na cheo, na mingine ambapo ilikwisha kabla msomaji hajageuza ukurasa. Tofauti hiyo inaniumiza, kwa kuwa wote wawili walibatizwa kwa maji yaleyale. Kwa hiyo napendekeza kila kaya itoe kiasi kidogo kila mwezi, fedha zikae benki kwa sahihi za watu watatu, mhazini asome hesabu mbele ya waumini wote, na fungu la msiba lisiongezeke wala kupungua kwa kutazama sura ya mtu. Anayetaka kuongeza mabugo yake binafsi na aongeze. Aliyechelewa kulipa asinyimwe mazishi. Kuhusu chakula, posho, yaani ugali, na maharage vinatosha. Na hapa niseme kwamba wanawake wanaopika usiku kucha ndio hushukuriwa mwisho, hivyo wanaume wapasue kuni na wateke maji bila kungoja kuombwa.

Kazi ngumu zaidi huanza hema zikishang'olewa. Sheria ya Mirathi iliyorekebishwa mwaka 2022 inatenga, kwa mali ya aliyekufa bila wosia, asilimia 20 kwa mke au mume aliyebaki, asilimia 75 kwa watoto na wajukuu, asilimia 4 kwa jamaa wategemezi na asilimia 1 kwa mrithi wa kimila, na nyumba waliyoishi hubaki kwa mjane na watoto. Wajane wengi hawalijui jambo hili mpaka wameshafukuzwa. Kila jumuiya ichague watu wawili wenye busara, mmoja wao mwanamke, watakaomsindikiza mjane kuandikisha kifo na kufika ofisi ya Msimamizi Mkuu wa Mirathi, na wasimwache hadi hati zitoke.

Rasimu ya utaratibu nimemkabidhi katibu. Naomba kila jumuiya iijadili, iandike inayoyakataa na sababu zake, na kuirudisha kabla ya Majilio ili tuipigie kura tukiwa wote pamoja.