Nani Anaweza Kumwondoa Mkaguzi?

Mabibi na mabwana, ndugu wadau wa michezo,

Utawala bora ukitajwa, wengi hukimbilia katiba ya shirikisho. Katiba nyingi zinasomeka vizuri: zina kamati huru, zina ukomo wa madaraka. Mimi nauliza kwanza jambo jingine. Huyo anayemkagua rais, nani anaweza kumwondoa?

Tamás Aján aliongoza shirikisho la dunia la kunyanyua vitu vizito tangu 2000 hadi 2020, na kabla yake alikuwa katibu mkuu tangu 1976. Uchunguzi wa Richard McLaren, mwanasheria wa Kanada, uliotolewa Juni 2020, ulikuta dola milioni 10.4 hazina maelezo, na kura zimenunuliwa. Faini za dawa zilizokatazwa zililipwa kwa fedha taslimu, mkononi mwa rais mwenyewe. Noti isiyopita benki haiachi alama ya kufuatwa. Kinga yake si ngumu: malipo yote yapite benki, sahihi ziwe mbili na rais asiwe mmojawapo, kisha mkaguzi achukue orodha ya faini kutoka kwa waliozitoza, si kwa mhasibu, ailinganishe na taarifa ya benki mstari kwa mstari. Wengi huruka hatua hii ya mwisho, na ndiyo inayofichua wizi.

Sasa FIFA. Baada ya viongozi wa soka kukamatwa Zurich kwa tuhuma za rushwa tarehe 27 Mei 2015, mkutano mkuu wa Februari 2016 ulipitisha mageuzi ya kweli, ukiwemo ukomo wa miaka 12 na kutangazwa kwa malipo ya vigogo. Lakini Mei 2017, kule Manama, Bahrain, Baraza la FIFA halikupendekeza tena majina ya Cornel Borbély na Hans-Joachim Eckert, wakuu wa uchunguzi na wa hukumu katika kamati ya maadili. Muhula wao uliisha, wakachaguliwa wengine. Ilitosha kutowapendekeza. Ndiyo maana nasema kasoro ilikuwa ndani ya utaratibu wenyewe: wanaoweza kuchunguzwa ndio wanaopeleka jina la mchunguzi. Mchunguzi apewe muhula mmoja mrefu usiorudiwa, apendekezwe na jopo la nje, na aondolewe kwa kosa lililothibitishwa tu.

Kuna pia ruzuku. FIFA ina wanachama 211, kila mmoja kura moja, na kwa miaka 2023 hadi 2026 kila mmoja anaweza kupata hadi dola milioni 8 za maendeleo. Fedha hizo zinahitajika sana, sizipingi. Ila anayeidhinisha ruzuku asiwe mgombea, na miezi ya uchaguzi isiwe miezi ya ahadi mpya.

Mwisho, haki ya mwanachama mmoja. Mashirikisho mengi makubwa yamesajiliwa Uswisi, ambako kifungu cha 75 cha sheria ya kiraia kinampa mwanachama ambaye hakuridhia uamuzi mwezi mmoja wa kuupinga mahakamani. Katiba nyingi huelekeza shauri kwenye Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, Lausanne; katiba au kanuni zisipotaja muda, rufaa ni siku 21. Kwa hiyo mjumbe anayepinga asisubiri kurudi nyumbani. Aseme papo hapo, adai pingamizi lake liingie kwenye kumbukumbu za kikao, na aombe nakala kwa maandishi kabla hajatoka ukumbini.