Gari liko majini, ruzuku imefutwa

NYEMO: Mbukwenyi wapendwa, hapa ni Dodoma, upepo wa leo umetushinda tumefunga madirisha yote kwa hiyo mkisikia kitu kinagongagonga huko nyuma ni bati la jirani. Mimi Nyemo.

BAKARI: Na mimi Bakari. Dada Nyemo leo umekuja na jambo la nyumbani kwenu kabisa.

NYEMO: La kaka yangu, yeye mwenyewe kaniruhusu nilisimulie. Kaka yangu yuko Ujerumani mwaka wa tisa huu, ni nesi, anaingia zamu saa kumi na moja alfajiri na basi la kwanza linapita saa kumi na moja na nusu, sasa we fikiria. Alikuwa anapanda baiskeli kwenye barafu. Mwezi wa tatu 2023 akasema basi, nanunua kagari kadogo ka umeme, maana serikali kule ilikuwa inatoa ruzuku, kwa gari lisilozidi euro elfu 40 unapewa euro 4,500 za serikali, na mtengenezaji naye anapunguza 2,250 juu yake.

BAKARI: Euro 4,500 kwa pesa yetu hapo ni zaidi ya milioni 11.

NYEMO: Enhe. Sasa akaweka oda, akalipa kianzio, akaambiwa gari litafika mwezi wa tisa. Mwezi wa tisa ukafika, aah subiri wa kumi na moja. Wa kumi na moja ukafika, aah Januari. Na hapo Januari ruzuku ilikuwa imeshapangwa kushuka kuwa 3,000, akapiga hesabu upya akasema sio mbaya, nitabana. Halafu tarehe 16 Desemba, siku ya Jumamosi, ananipigia simu usiku anaongea kama mtu aliyefiwa, anasema Nyemo wametangaza leo kwamba mwisho wa kupokea maombi ni kesho. Kesho Jumapili tarehe 17! Na maombi huwezi kutuma mpaka gari liwe limesajiliwa kwa jina lako, na gari lake bado hata kiwandani halijatoka.

BAKARI: Yaani wamempa siku moja, na hiyo siku moja yenyewe ofisi ya usajili imefungwa.

NYEMO: Ndo hivyo. Na chanzo wala sio kwamba serikali iliamka tu, mahakama yao ya katiba tarehe 15 Novemba ilisema ile euro bilioni 60 iliyohamishiwa kwenye mfuko wa tabianchi haikuhamishwa kihalali, mfuko ukabaki na tundu, na ruzuku ya magari ilikuwa inatoka humohumo. Mimi hilo nalielewa, hela haipo haipo. Kinachoniuma ni walivyokata, wamekata katikati ya watu ambao tayari wako njiani.

BAKARI: Hapo hapo dada, hapo ndo nataka tukae maana wengi wakisikia ruzuku imefutwa wanadhani aliyeumia ni yule ambaye alikuwa hajanunua. Yule hajaumia sana, yule anabadilisha mawazo tu, ananunua la petroli au anakaa. Aliyeumia ni aliyesaini mkataba na hajapata gari. Mimi nina miaka saba naagizia watu magari kutoka Japani na nakwambia hicho kipindi kati ya kulipa na kupata namba ndo kipindi cha hatari kuliko vyote, hata kama hamna ruzuku yoyote.

NYEMO: Tutakuja huko kwako. Ila kwanza niulize, kuna nchi imewahi kukata vizuri?

BAKARI: Zipo. Sweden wao mwaka 2022 walitangaza tarehe 7 Novemba kwamba kesho yake, tarehe 8, ndo mwisho. Siku moja na wao, kama Ujerumani tu, na watu walilalamika. Lakini angalia tofauti, Sweden walihesabu tarehe ya ODA. Ukiwa umeshaagiza hata kama gari litakuja mwaka unaofuata haki yako ipo. Siku moja hiyohiyo, ila huku mtu aliyesubiri miezi tisa analindwa, kule anaachwa barabarani. Neno moja tu kwenye sheria.

NYEMO: Neno moja. Kaka yangu angekuwa upande wa pili wa bahari ndogo tu hapo asingelia.

BAKARI: Na Marekani 2025 nao wakaja karibu na huko. Wao walikuwa na punguzo la kodi mpaka dola 7,500 kwa gari jipya na mpaka dola 4,000 kwa lililotumika, sheria ya 2022 ilisema litaenda mpaka 2032. Tarehe 4 Julai 2025 Trump akasaini sheria nyingine, mwisho ukawa tarehe 30 Septemba mwaka huohuo. Watu wakapewa karibu miezi mitatu, halafu mamlaka ya kodi ikafafanua kwamba ukiwa na mkataba unaokufunga na umeshalipa chochote kabla ya hiyo tarehe, hata kianzio kidogo, gari likija baadaye unapata. Ndo maana ile robo ya mwaka Wamarekani walinunua magari ya umeme zaidi ya laki 4, haijawahi kutokea kule, na Oktoba soko likaanguka puu.

NYEMO: Ndo kama foleni ya sheli bei ikitangazwa kupanda kesho.

BAKARI: Kabisa. Kanada sasa, jimbo la Ontario 2018, hapo kuna kisa. Serikali mpya ya Doug Ford imeingia, tarehe 11 Julai ikafuta ruzuku iliyokuwa inafika dola za Kanada elfu 14, wakasema gari ambalo lipo kwa wakala au wakala ameshaliagiza mtapewa ilimradi mteja alipokee kabla ya tarehe 10 Septemba. Sasa Tesla hawauzi kupitia wakala, wanauza wenyewe moja kwa moja, kwa hiyo wateja wao wakaachwa nje wakati jirani yake aliyeagiza siku hiyohiyo gari la kampuni nyingine yuko ndani. Tesla wakaenda mahakamani na Agosti wakashinda, jaji akasema huo ubaguzi hauna msingi, serikali ikabidi iwaingize.

NYEMO: Mimi nikisikia haya yote nafikiria mbolea. Msimu wa 2022 ilipokuja mbolea ya ruzuku, mjomba wangu kule Kongwa alijisajili, akapata namba yake, akienda dukani anakuta mfuko una bei ya chini palepale. Hakulipa bei kamili kwanza ndo adai. Kaka yangu alitakiwa anunue gari kwa bei kamili, alisajili, halafu ndo aombe hela mtandaoni arudishiwe, kwa hiyo muda wote huo mzigo uko mgongoni kwake.

BAKARI: Umesema kitu kikubwa sana. Marekani mwanzoni ilikuwa hivyohivyo unasubiri mpaka ujaze ritani ya mwaka, ila kuanzia Januari 2024 wakaruhusu muuzaji akukate papohapo, yeye ndo adai serikalini. Sasa hapo hata sheria ikibadilika we gari unalo na punguzo umeshalipata. Kwa hiyo mtu akikwambia kuna ruzuku, swali la kwanza usiulize ni shilingi ngapi, uliza naipata LINI na nani anashika mzigo kabla sijaipata.

NYEMO: Sasa nimalizie ya kaka maana watu wananitumia meseji hapa, ikawaje. Kule baadhi ya watengenezaji wakubwa walijitolea, wakasema wateja walioagiza sisi tutaifidia ile ruzuku kutoka mfukoni kwetu. Kaka akafurahi akaenda kwa muuzaji wake, muuzaji jina simtaji, akamwambia oda yako haimo kwenye hizo. Akaandika barua. Akajibiwa vilevile. Na huku alishakopa kwa rafiki yake wa kazini akijua atarudishiwa na serikali atamlipa.

BAKARI: Kukopa kwa kutegemea hela ambayo haijawa yako. Sio kosa lake lakini inauma.

NYEMO: Alikaa wiki mbili hajui. Mama huku anafunga na kuomba, mimi napiga hesabu kwenye daftari. Mwisho akafuta oda, kianzio hakikurudi chote, akakaa na baiskeli yake mpaka mwezi wa nne. Na hapa ndo kuna kitu sikukitegemea, magari ya umeme yaliyotumika bei yake ilikuwa imeshuka. Kwa sababu mapya hayauzwi, 2024 nzima usajili wa magari ya umeme Ujerumani ulishuka kwa asilimia 27, watengenezaji wakaanza kupunguza bei wenyewe, na mapya yakishuka yaliyotumika nayo yanafuata. Akapata la miaka miwili na karatasi ya kupima betri inayoonyesha afya yake, kwa bei ambayo hata angepewa ile ruzuku lile jipya lisingefika hapo.

BAKARI: Na Marekani imekuwa hivyo. Oktoba 2025 Hyundai wakapunguza bei ya gari lao la umeme la Ioniq 5, wakakata mpaka dola 9,800 kwa baadhi ya matoleo, ambayo ni zaidi ya ile ruzuku yenyewe iliyofutwa. Tesla nao wakaleta Model Y iliyopunguzwa vitu kwa dola 39,990. Maana yake sehemu ya ile ruzuku ilikuwa inakaa ndani ya bei. Mnunuzi anadhani anasaidiwa yeye peke yake kumbe muuzaji naye anakula humo.

NYEMO: Ila tusiseme basi ni heri ifutwe, maana kaka alikosa gari miezi minne ya baridi na kianzio kimeondoka.

BAKARI: Hapana hapana, sisemi hivyo. Nasema aliyeweza kusubiri alipona, na wengi hawawezi kusubiri.

NYEMO: Haya Dodoma sasa. Kuna dada wa Nzuguni ametuandikia, anafanya kazi Mtumba, anataka kuagiza Nissan Leaf kutoka Japani, na amesikia kwa watu kwamba bajeti ijayo itapunguza kodi za magari ya umeme, anauliza aagize sasa hivi au asubiri.

BAKARI: Dada yangu wa Nzuguni, nisikilize vizuri. Bajeti inasomwa hapahapa Bungeni mwezi wa sita, viwango vipya vinaanza tarehe 1 Julai. Gari ukiliagiza leo, kulipia, kukaguliwa, kupata nafasi ya meli, safari, mpaka bandarini Dar umeshakula mwezi na zaidi, mara nyingi miwili. Kwa hiyo ukiagiza karibu na bajeti gari lako litakuwa majini wakati inasomwa! Na kodi hulipi kwa viwango vya siku uliyoagiza, unalipa kwa viwango vilivyopo gari linapoingizwa nchini. Hiyo ni Ujerumani ya kaka yake Nyemo kabisa, ila kwetu inakuja kila mwaka. Nimeona mtu amepanga kodi milioni 9, gari limefika Julai anaambiwa 11, hana, gari linakaa bandarini linalipiwa stoo kila siku inayopita.

NYEMO: Na anaanza kupiga simu kwa ndugu.

BAKARI: Kwa hiyo piga kikokotoo cha TRA kwa viwango vya leo, kiasi hicho uwe nacho CHOTE na cha juu kidogo, halafu punguzo likija ni zawadi. Kama unaweza kununua tu iwapo tetesi itakuwa kweli basi hilo gari bado huliwezi, nakwambia kwa upendo.

NYEMO: Na Leaf yenyewe kwa joto letu?

BAKARI: Zile za mwanzo za kilowati-saa 24 betri yake haina mfumo wa kupozwa kwa maji, joto inalisikia. Muombe muuzaji picha ya dashibodi gari likiwa limewaka, pembeni ya alama ya chaji kuna vijiti 12 vya afya ya betri, kimoja kikipotea sio kwamba imepungua kidogo tu, cha kwanza kinaondoka betri ikiwa imeshapoteza kama asilimia 15. Ikiwa na vijiti nane mwambie asante, sichukui. Kwa Nzuguni na Mtumba kwenda na kurudi inatosha sana, ila usiniambie utaenda nayo Dar kilomita 450, hapo panda treni, nayo si ni ya umeme.

NYEMO: Mimi nina la kuongeza, la LUKU. Ukiwa kwenye lile kundi la matumizi madogo, lisilozidi uniti 75 kwa mwezi, uniti ni shilingi 100 kabla ya VAT na tozo. Kundi la juu yake ni 292. Sasa Leaf ukiijaza kutoka chini ni kama uniti 24, mara tatu tu unakaribia 75 na bado hujawasha friji. Kwa hiyo ukizoea kuchaji gari nyumbani utahama kundi, na friji na taa na pasi vyote vinahamia bei kubwa. Hiyo nayo ni ruzuku inaondoka na hakuna atakayekutangazia Jumamosi wala Jumapili.

BAKARI: Aisee hilo sijawahi kumwambia mteja hata mmoja.

NYEMO: Waambie. Hata kwa bei ya juu umeme bado unashinda petroli, ila aijue kabla.

BAKARI: Na mimi nina mmoja wa Kisasa kasema kesho asubuhi anaenda benki kulipia, na hela ya kodi anategemea mchezo wa kupeana pesa wa mwezi wa saba. Tukizima hapa nampigia.

NYEMO: Mpigie sasa hivi, mimi nitaaga watu.