Kilwa: Mawe, Chokaa na Urithi wa Dunia

ZUHURA: Karibuni, wasikilizaji wetu. Tanzania ina maeneo 7 katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, nayo ni Ngorongoro, Serengeti, Selous, Kilimanjaro, Mji Mkongwe wa Zanzibar, michoro ya miambani ya Kondoa, pamoja na magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara. Leo tutakaa Kilwa. Kaka Salum, tuanzie wapi?

SALUM: Ahsante, dada Zuhura. Tuanzie Doha, mwaka 2014, ambako Kamati ya Urithi wa Dunia ilifanya maamuzi mawili kuhusu nchi yetu katika mkutano mmoja. Iliyatoa magofu ya Kilwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, yalimokuwa tangu mwaka 2004, na papo hapo ikaiingiza Selous, kwa kuwa ujangili ulikuwa umepunguza tembo na faru kwa karibu asilimia 90 tangu pori hilo liandikishwe mwaka 1982.

ZUHURA: Kumbe kuandikishwa peke yake hakumzuii jangili wala hakuzuii wimbi. Kilwa iliandikishwa mwaka 1981 na bado ikafikia hatua ya kuhesabiwa kuwa hatarini. Ni nini hasa kilichokuwa kikiibomoa?

SALUM: Ni maji, kuliko kitu kingine chochote. Bahari ilikuwa ikila ufuo chini ya Gereza, ngome ambayo Wareno waliianza walipoiteka Kilwa mwaka 1505 na Waomani wakaja kuijenga upya, huku mvua ikiosha udongo wa misingi na mizizi ya miti ikipasua kuta. Kuta zenyewe ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na chokaa hiyo hupitisha unyevu: huunyonya wakati wa masika na kuutoa jua linapowaka. Ukiziba ufa kwa saruji, unyevu hukosa pa kutokea, chumvi hujikusanya ndani ya jiwe, na baada ya miaka michache utakuta saruji imesimama imara huku jiwe lililo pembeni yake likimomonyoka na kuwa unga.

ZUHURA: Jambo hilo linaniuma, kwa sababu mara nyingi anayeziba ufa kwa saruji ana nia njema kabisa.

SALUM: Ndiyo maana namthamini sana fundi wa chokaa. Kwa desturi ya pwani, matumbawe hupangwa juu ya rundo la magogo na kuchomwa, kisha hulainishwa kwa maji mpaka yawe chokaa ya kujengea. Hata hivyo, kuni hizo zisikatwe kwenye mikoko, maana mikoko ndiyo inayoushika udongo wa ufuo na kuvunja nguvu ya mawimbi.

ZUHURA: Na tukumbuke thamani ya kinacholindwa. Msikiti Mkuu ulianzwa karne ya 11 na kupanuliwa baadaye kwa matao na kuba. Husuni Kubwa, kasri ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ina birika la pembe nane lililochongwa kwa ustadi. Ibn Battuta, msafiri mashuhuri kutoka Moroko, alifika Kilwa mwaka 1331, zama za sultani huyo, wakati dhahabu ya Sofala, katika Msumbiji ya leo, ilipokuwa ikipitia hapo kwenda ng'ambo ya bahari, na Kilwa ikafua sarafu zake yenyewe.

SALUM: Leo magofu hayo yako chini ya TAWA, mamlaka ambayo kazi yake kuu ni wanyamapori. Kwa maoni yangu, mamlaka ya namna hiyo inahitaji waashi wa kudumu sawasawa na inavyohitaji askari wa doria, na waashi hao watafutwe kwanza Kilwa Kisiwani kwenyewe, ambako watu bado wanaishi na kulima kando ya magofu.

ZUHURA: Nakubaliana nawe, na ningeongeza Songo Mnara, ambako wageni ni wachache zaidi na nyumba za mawe zimetawanyika katikati ya miti. Ukuta ulio mbali na macho ya wageni hupasuka pasipo mtu kutoa taarifa, kwa hiyo ukaguzi baada ya kila masika uanzie huko, kisha ndipo mafundi warudi kwenye Msikiti Mkuu.