Silabi "po": Padri Alexis Kagame mbele ya Aristotle

Tumsifu Yesu Kristo.

Papa Leo XIII alipotoa waraka Aeterni Patris mwaka 1879, alimtaka Mtakatifu Thomas Aquinas awe mwalimu wa falsafa katika shule za Kanisa. Mwaka 1914 Roma ikaongeza hoja 24 za falsafa yake za kufuatwa. Ndiyo maana Alexis Kagame wa Rwanda, aliyepewa upadri mwaka 1941, alisomea seminarini falsafa ya Kiskolastiki, yaani ile ya shule za Kanisa za zama za kati, pamoja na yale mafungu kumi ambamo Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki, aligawa vyote vilivyopo.

Mwaka 1945 Placide Tempels, Mfransisko Mbelgiji aliyekuwa Katanga, Kongo, aliandika kwamba kwa Mbantu kuwapo ni nguvu. Kagame hakuridhika. Alitaka ushahidi, akautafuta katika lugha yenyewe. Katika kazi yake ya udaktari pale Gregoriana, chuo kikuu cha Kanisa huko Roma, iliyotoka kitabu mwaka 1956, Kinyarwanda kilimpa mafungu manne: umuntu (chenye akili), ikintu (kisicho na akili), ahantu (mahali na wakati kwa pamoja) na ukuntu (namna ya kuwa).

Tukae kwenye ahantu. Aristotle ana mafungu mawili hapo: mahali mbali, wakati mbali. Je, Kagame amelazimisha kuviunganisha? Tukiulize Kiswahili. Neno "mahali" tumelipata kwa Waarabu, lakini twasema mahali hapa, mahali pazuri; limeingia na kuvaa upatanisho wetu. Sasa sikilizeni. "Pale alipolala pana siafu": mahali. "Alipolala, mvua ikanyesha": wakati. Ni po ileile, na mtoto wa miaka minne hakosei. Siku nilipoliona hilo nilifunga kitabu, nikakaa kimya muda mrefu.

Wakosoaji husema sarufi si falsafa. Ni kweli, po haituelezi wakati ni nini. Lakini Kagame hakudai kwamba Mnyarwanda anazaliwa mwanafalsafa; alitaka swali la Aristotle liulizwe upya kwa lugha ambayo Aristotle hakuijua. Naona alikuwa na haki, na kazi hiyo sisi hatujaifanya vya kutosha.

Thomas anauliza, Utrum Deus sit? Sisi twatafsiri, "Je, Mungu yupo?" Thomas huyohuyo anafundisha kwamba Mungu hafungwi na mahali wala wakati, nasi twakiri kuwapo kwake kwa silabi ya mahali na wakati. Hiyo po inabeba nini pale? Naomba maswali yenu yaanzie hapo.