Jengo Lililoachwa na Mama Asiye na wa Kumwachia Mtoto

Ndugu Mwenyekiti, wanakamati, na ninyi nyote mliokubali kutoa siku zenu za mapumziko kwa ajili ya kazi hii,

Nimeombwa nizungumze juu ya namna watu wa kujitolea wanavyoweza kulichukua jengo lililoachwa na kuligeuza kuwa makazi ya muda ya akina mama wanaolea watoto peke yao. Ningeweza kuanza na saruji na misumari, kwa kuwa hayo ndiyo yanayowavuta watu waje, lakini naona ni heri nianze na yule atakayeishi humo. Mama anayelea peke yake huenda ni mjane, huenda ametelekezwa, huenda amekimbia kipigo, au huenda hakuwahi kuwa na mwenzi wa kudumu. Sababu ni nyingi, na si kazi yetu kuzichunguza mlangoni. Jambo moja linawaunganisha wote: hawana mtu mzima wa pili. Anapokwenda kuoga hakuna wa kumshikia mtoto, anapopanda ngazi na mzigo mkono wake mmoja tayari una mtoto, na usiku mtoto akipandwa na homa, anayetafuta dawa ndiye huyohuyo anayepaswa kubaki kitandani akimbembeleza. Nyumba nyingi zimejengwa kwa kudhani kwamba watu wazima ni wawili, hata kama aliyezichora hakulitamka hilo. Ninachowaomba leo ni kwamba kila uamuzi wa ukarabati, kuanzia mahali pa choo hadi urefu wa komeo la mlango, upimwe kwa hali ya mtu huyo ambaye hana wa kumwachia mtoto hata kwa dakika tano.

Wenzetu waliotangulia wametuachia funzo. Mwaka 1971, huko Chiswick katika jiji la London, Erin Pizzey na wenzake walipewa nyumba ndogo na halmashauri ya eneo lao, wakaifanya mahali pa akina mama kukutana wakiwa na watoto wao. Nyumba hiyo haikukusudiwa kulaza watu. Hata hivyo, haukupita muda wakaanza kufika wanawake waliokuwa wakipigwa na waume zao, wasiokuwa na pa kurudi, na nyumba ikafurika. Nalitaja hili kwa sababu linasahaulika katika mipango yetu mingi: habari ya jengo husambaa mapema kuliko rangi inavyokauka, na mama wa kwanza atabisha hodi wakati ngazi bado haina kishikio. Basi kamati iamue mapema, na iandike, ni familia ngapi zitapokelewa na ni lini, na iwe na mahali pengine pa kumwelekeza anayefika kabla ya wakati. Kumlaza mtoto katika chumba chenye nyaya wazi kwa kuona huruma ni kumwondoa katika hatari moja na kumtia katika nyingine.

Sasa tulitazame jengo lenyewe. Jengo lililokaa bila watu kwa muda mrefu mara nyingi huwa limeharibiwa na maji kuliko kitu kingine chochote. Kigae kimoja huvunjika, au mfereji wa paa huziba kwa majani. Maji yanapata njia, mbao za dari zinaoza, plasta inajitenga na ukuta, ukungu unaota, na wadudu wanafuata. Methali ya ufa na ukuta tunaitumia kwa ndoa, siasa na biashara, lakini mara chache tunaitumia kwa ufa wenyewe. Paa na mifereji vitangulie kazi nyingine zote, na kuta zipewe muda wa kukauka, muda ambao kwa ukuta mnene unaweza kuwa wa miezi. Hapo ndipo subira ya watu wa kujitolea hujaribiwa, kwa kuwa kila mmoja anatamani kushika brashi, na rangi iliyopakwa juu ya ukuta wenye unyevu hubanduka ndani ya msimu mmoja. Iwapo jengo ni la zamani na kuta zake zimejengwa kwa chokaa, mafundi wasiharakishe kuzifunika kwa plasta ya saruji. Ukuta wa chokaa hutoa unyevu wake kupitia usoni pake. Ukizibwa kwa saruji, unyevu hubaki ndani na kuula taratibu. Ukungu unaotokana na hali hiyo huwasumbua zaidi wenye pumu na watoto wadogo, yaani wale hasa tunaowatengenezea nyumba.

Kuna hatari mbili ambazo nitakaa nazo kidogo, kwa sababu zinawahusu ninyi wenyewe kabla ya kuwahusu wakazi. Ya kwanza ni asbesto, madini yenye nyuzi laini, ambayo katika karne ya 20 ilitumika sana kwenye paa za mawimbi, dari, vigae vya sakafuni na vifuniko vya mabomba. Uingereza ilikamilisha marufuku yake mwaka 1999, na Umoja wa Ulaya mwaka 2005, lakini marufuku haiondoi kilichokwisha kujengwa. Shirika la Afya Duniani linaeleza wazi kwamba aina zote za asbesto husababisha saratani, na ugonjwa wake huweza kujitokeza miongo kadhaa baada ya mtu kuvuta vumbi. Kijana anayevunja dari kwa nyundo leo hatakohoa kesho, na ndiyo maana hataamini. Palipo na shaka, asiguse mtu. Aitwe mtaalamu, achukue sampuli, na kama ipo, iondolewe na wenye vifaa na idhini.

Hatari ya pili ni risasi, yaani ile metali nzito yenye sumu, iliyomo katika rangi za zamani. Marekani iliipiga marufuku katika rangi za nyumba mwaka 1978, na nchi nyingine zilifanya hivyo mapema au baadaye. Sasa fikirini kazi inayopendwa kuliko zote siku ya kujitolea: watu wengi, kila mmoja na kipande cha msasa, wakisugua madirisha ya mbao huku wakiimba. Msasa mkavu juu ya rangi ya namna hiyo hutoa vumbi laini linalotua sakafuni, kwenye vizingiti na katika nguo, na mtoto anayetambaa huokota vumbi hilo kwa viganja na kulipeleka kinywani. Mwili wa mtoto mdogo hufyonza risasi iliyomezwa mara nne hadi tano zaidi ya mwili wa mtu mzima, na madhara yake katika ubongo hayarekebishiki. Risasi huvuka pia kutoka kwa mama mjamzito hadi kwa mtoto aliye tumboni. Kwa hiyo rangi ipimwe kwanza. Ikionekana ina risasi, watu wa kujitolea waache kuisugua. Mbao husika zing'olewe nzima na wanaojua kazi hiyo, au zifunikwe, au zikwanguliwe zikiwa zimeloweshwa na watu waliofundishwa, na vumbi lifutwe kwa kitambaa chenye maji wala lisifagiliwe. Tahadhari hiyohiyo ya kulowesha inahusu kinyesi cha panya na popo, ambacho kikifagiliwa kikavu hurusha vimelea hewani.

Umeme, gesi na uimara wa nguzo ni vya wenye leseni, na sitaongeza neno.

Mabomba nitayasemea zaidi kidogo. Maji yaliyolala ndani ya mabomba kwa miaka huweza kuzalisha bakteria wanaoleta homa kali ya mapafu, nao hustawi zaidi katika maji ya uvuguvugu. Ndiyo maana mabomba husukumwa kwa maji mengi na kusafishwa kabla ya kutumiwa, na palipo na tangi la maji moto, wataalamu hushauri maji yatunzwe humo kwa nyuzi joto 60 hivi. Lakini maji ya nyuzi 60 humbabua mtu mzima kwa sekunde chache, na ngozi ya mtoto ni nyembamba zaidi. Mama aliyeinama kuogesha mtoto mmoja, huku mwingine akichezea koki, hawezi kuzuia mikono minne. Suluhisho ni vali ya kuchanganyia maji moto na baridi, inayowekwa karibu na bomba la bafu ili maji yanayotoka yasizidi joto salama. Ni kifaa kidogo, kisichopigwa picha siku ya uzinduzi, nami ningekiweka juu ya orodha ya manunuzi kuliko mapazia.

Nirudi sasa katika mpangilio wa vyumba, mahali ambapo kipimo nilichowaomba mkishike hufanya kazi zaidi. Majengo yanayoachwa mara nyingi yalikuwa shule, ofisi, mabweni au hoteli ndogo, na mpango wake ni ukumbi mrefu wenye vyumba pande mbili na choo mwishoni. Kishawishi ni kuuacha ulivyo, kwa kuwa kuhamisha mabomba ni gharama kubwa. Lakini choo kilicho mwisho wa ukumbi humlazimisha mama achague kati ya kumwamsha mtoto saa nane za usiku na kumwacha peke yake. Kama haiwezekani kila familia kuwa na choo chake, basi familia mbili zilizo jirani zipewe choo kimoja kati yao. Mahali pa kufulia pasiwekwe chini ya ardhi wala nyuma ya mlango mzito. Pawe kando ya mahali watoto wanapocheza, na ukuta kati yao uwe na dirisha pana la kioo kisichopasuka vipande vikali. Jikoni vivyo hivyo: anayepika aone wanaocheza, na wanaocheza wasifike kwenye moto. Nafasi kati ya fito za kishikio cha ngazi isizidi sentimita 10 hivi, kipimo ambacho kanuni za ujenzi za nchi nyingi hukitumia ili kichwa cha mtoto kisipite. Mlango wa kuingilia ufunguke kwa kuusukuma kwa bega.

Amsterdam ina jengo linalostahili kutazamwa na kila anayepanga kazi ya aina hii: Hubertushuis, lililobuniwa na msanifu Aldo van Eyck katika miaka ya 1970 kwa ajili ya wazazi wasio na wenzi na watoto wao. Alichukua majengo ya zamani, akaunganisha nayo jengo jipya lenye fremu zilizopakwa rangi za upinde wa mvua, na kioo kingi kinachoingiza mwanga hadi ngazini. Si kazi ya watu wa kujitolea, na fedha zake zilikuwa za aina nyingine kabisa. Ninachokithamini ni kwamba halifanani na hospitali wala gereza, na kwamba halikuwaficha wakazi wake kana kwamba hali yao ni aibu.

Hapo pana mvutano ambao sitaki kuuficha. Baadhi ya wakazi wanatafutwa na watu waliowadhuru, nao wanahitaji anwani isiyotangazwa, uzio, na mlango unaofunguliwa na mtu anayejulikana. Wengine hawatafutwi na mtu yeyote. Shida yao ni kodi ya nyumba, na uzio kwao ni unyanyapaa. Jengo moja haliwezi kuwahudumia wote kwa usawa, na maoni yangu ni kwamba kamati ichague kundi moja kabla ya kununua kitasa cha kwanza. Ikichagua wanaotafutwa, basi hata ninyi mnaojitolea mtabanwa: hapatakuwa na picha mitandaoni, hapatakuwa na kibao barabarani, na wengi wenu hamtaruhusiwa kurudi kuitazama kazi ya mikono yenu baada ya wakazi kuingia. Najua ni vigumu kupokea. Ni vema mtu alijue hilo siku ya kwanza, ili anayehitaji shukrani ya hadharani atafute kazi nyingine ya hisani, ambazo zipo tele.

Kwa upande mwingine, chumba cha familia kiwe na kufuli ambalo funguo zake anazo mama, hata kama msimamizi ana za akiba kwa dharura, na utaratibu wa lini zitatumika uandikwe na asomewe siku anapoingia. Mtu aliyeishi kwa kufunguliwa mlango bila hodi hupumzika pale tu anapojua kwamba wa kwake hautafunguliwa hivyo.

La mwisho ni karatasi, na msikunje nyuso. Kabla ya nyundo ya kwanza, kamati iwe na hati inayosema jengo ni la nani na litatumika kwa muda gani, kwa sababu mwenye mali aliyelisahau jengo bovu hulikumbuka upesi likishapendeza, na kazi ya miaka miwili inaweza kuondoka kwa barua ya ukurasa mmoja. Kazi ikiendelea, mmoja wenu apewe jukumu la kupiga picha kila ukuta kabla haujapigwa plasta, ili ijulikane nyaya na mabomba yamepita wapi. Picha hizo, pamoja na mchoro wa vali zote na majina ya mafundi, zifungwe katika daftari moja linalokaa ofisini kwa msimamizi. Vali kuu ya maji iwekewe alama ya rangi na iwe mahali panapofikiwa bila ngazi, kwa maana bomba litapasuka usiku, mafundi wote wakiwa makwao, na atakayeamka kulifunga ni mmoja wa wakazi, akiwa na mtoto begani.

Nimearifiwa kwamba humu ukumbini wapo mafundi wawili wa paa na mhandisi mmoja. Maswali ya paa na nguzo nitawaachia wao. Yaliyobaki nipo tayari kuyapokea.