Mchoraji na Msomaji wa Bweni Moja

Ndugu Mwenyekiti, walimu wangu, wachoraji wenzangu, na ninyi vijana wa vyuo mliojaa ukumbi huu jioni ya leo, nawashukuru kwa mwaliko. Nimeombwa nizungumzie katuni niliyokuwa nikiichora katika gazeti la wanafunzi hapa Dar es Salaam miaka ya tisini, kabla sijaajiriwa na gazeti lolote. Nimekubali kwa moyo mmoja, kwa sababu kazi ile ilikuwa na jambo ambalo magazeti makubwa hayawezi kumpa mchoraji. Msomaji wangu, na mara nyingi yule yule niliyemchora, alilala bweni moja nami, akapanga nami foleni ya chakula, na asubuhi tukakutana bafuni kila mmoja na ndoo yake. Mchoraji wa gazeti la taifa anaweza kumchora waziri kwa miaka kumi asipate kupeana naye mkono hata siku moja. Karibu yote ninayoyajua kuhusu nani achorwe, achorwe vipi, na kwa nini jina la mchoraji liwepo chini ya mchoro, niliyapata kutokana na ukaribu ule wa bwenini.

Sina budi kuanza na Mzee Punch, kwa sababu sisi tulioingia vyuoni baada ya mwaka 1990 tulimrithi, tupende tusipende. Kwa wale ambao hamkumsikia, Punch lilikuwa jina la maandishi na michoro iliyobandikwa ukutani usiku katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kule Mlimani, bila jina la aliyeandika wala aliyechora. Wapo wanaomkumbuka kama sauti iliyowakejeli wakubwa wakati ambapo nchi haikuwa na magazeti huru, na sikatai kwamba sehemu hiyo ilikuwapo. Lakini kalamu hiyo hiyo iliwageukia wanafunzi wa kike. Iliwachora, ikawataja, ikawazushia, na msichana aliyekataa matakwa ya wanaume fulani aliweza kuamka akajikuta ukutani, kisha wenzake wakamtenga kwa kuogopa zamu yao. Mwaka 1990 mwanafunzi mmoja wa kike alijitoa uhai baada ya kunyanyaswa na wanaume wa chuo huku akitishwa na Punch. Ukuta ule ukapigwa marufuku.

Nalisema hili kwa uzito kwa sababu mara nyingi katika mikutano ya wasanii husikia Mzee Punch akisifiwa kama babu wa katuni za wasomi. Mimi simtambui kama babu yangu. Ukaribu wa bweni ndio uliompa nguvu: alijua nani analala wapi, nani anatembea na nani, nani ametoka familia gani. Alijua yote hayo, naye mwenyewe hakuna aliyemjua. Mtu aliyechorwa hakuwa na mlango wa kugonga. Tulipoanzisha gazeti letu, katika chuo kingine, swali la kwanza tuliloulizwa na wasichana wa darasani halikuwa tutaandika nini, bali kama tutaweka majina yetu. Tukaweka. Jina langu lilikaa chini ya kisanduku cha mwisho, kulia, kwa herufi zinazosomeka, na namba ya chumba changu ilijulikana na chuo kizima.

Jina pekee, hata hivyo, halitoshi, kwani mtu anaweza kutia sahihi chini ya uonevu. Kwa hiyo bodi yetu ya uhariri ilikubaliana mambo mawili kabla ya toleo la kwanza. Tusichore sura ya mwanafunzi yeyote asiye na cheo alichokiomba kwa kura, na tusichore mwili wa mtu kwa kuucheka, awe na cheo au asiwe nacho. Wengine walituambia kwamba katuni ikifungwa hivyo itakosa ladha. Mimi niliona kinyume chake. Nilipozuiwa kuchora sura za jirani zangu, nililazimika kubuni watu, na hapo ndipo katuni yangu ilipozaliwa.

Mhusika mkuu niliyembuni nilimwita Mbebwa. Vijana wa siku hizi mnajua kubebana, yaani kulala kitanda kimoja na mwenzako kwa sababu wewe hukupata chumba, na siku zile, baada ya sera ya uchangiaji wa gharama kuingia vyuoni na idadi ya wanafunzi kuongezeka kuliko vitanda, kubebana kulikuwa ndiyo maisha. Mbebwa alikuwa mwanafunzi ambaye jina lake halimo katika orodha yoyote ya bweni. Alimiliki begi moja, mswaki na shati la kuvaa siku ya mtihani. Aliyembeba niliyempa jina la Mwenyeji alikuwa mpole, mnene kiasi, na kila katuni ilipoanza alikuwa ameshasukumwa hadi ukingoni mwa kitanda chake mwenyewe. Alikuwepo pia Dada Msuli, aliyeongoza darasa na kukataa katakata kugawa madesa yake, yaani nukuu zake za masomo, na wavulana walikuwa wakimfuata kwa hila mpya kila toleo, naye akiwashinda kwa hoja. Watatu hao walinitosha. Walipokuwa wanasubiri bumu, yaani fedha ya kujikimu, lililochelewa, chuo kizima kilikuwa kinasubiri nao.

Ubunifu huu haukutoka hewani. Nilikulia katika nyumba ambayo jarida la SANI lilisomwa hadi likachakaa, likaazimwa na majirani, likarudi bila jalada. Wahusika wake, kina Lodi Lofa, Kipepe na Ndumilakuwili, walinifundisha kwamba mtu wa kubuni anaweza kubeba tabia ya mtaa mzima bila mkazi yeyote kufedheheka. Kabla yao alikuwepo Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, ambaye wazazi wetu walimtaja kana kwamba ni mtu anayeishi nyumba ya tatu. Msomaji wa Kiswahili ana mazoea ya siku nyingi ya kumcheka mhusika na papo hapo kujitafuta ndani yake, mazoea yaliyokuwepo tangu hadithi za Abunuwasi na za Sungura. Mchoraji wa chuo anayeyajua hayo hahitaji kumtaja jirani yake.

Naomba sasa mniruhusu nieleze jinsi kazi yenyewe ilivyofanyika, kwa sababu vijana waliozoea kuchora kwenye kioo cha simu huniuliza kwa nini michoro yangu ya zamani ina mistari mingi na haina weusi. Gazeti letu lilitolewa kwa mashine ya siklostaili, ile ile aina ya kazi iliyotumiwa na wanafunzi wa Mlimani waliotoa jarida la Cheche kuanzia mwaka 1969 hadi lilipopigwa marufuku mwaka 1970. Huchori kwenye karatasi. Unachora juu ya stensili, karatasi nyembamba iliyopakwa nta, kwa kalamu ya chuma isiyo na wino, na kila unapopita, nta inaondoka na kuacha njia ambamo wino wa mashine utapenya. Ukibonyeza kidogo, mstari hautoki. Ukizidisha, stensili inachanika, na mchaniko huo utaonekana katika kila nakala. Ukitaka kuijaza nywele ya Dada Msuli iwe nyeusi tii, eneo lote la nta linabanduka, wino unamwagika, na uso wake unazama katika doa.

Kwa sababu hiyo nilijifunza kupata weusi kwa mistari iliyokatana, mmoja mmoja, bila kugusana sana, na shati la Mbebwa likawa na milia kwa ulazima huo. Kosa la mkono lilizibwa kwa kioevu chekundu kilichonukia kama rangi ya kucha, kikiachwa kikauke kabla ya kuchora tena juu yake, lakini ukizibia mahali pamoja mara mbili palikuwa pagumu na kalamu iliteleza. Maneno yaliandikwa kwanza. Wachoraji wanaoanza hudhani picha hutangulia, kisha kiputo cha maneno kinabanwa palipobaki. Kwenye upana wa fulskepu, ukiwa na visanduku vitatu, Kiswahili chetu chenye maneno marefu kinakula nafasi yote. Neno kama “hawakutuandikisha” peke yake ni mstari mzima. Nilizoea kuandika mazungumzo, kuyapunguza, kuyapunguza tena, na ndipo niwachore watu chini ya maneno yaliyobaki. Naamini ufupi wa lugha ya wachora katuni wetu wengi wa kizazi kile ulitokana na stensili kuliko shule yoyote.

Nikirudi kwenye suala la ukaribu, liko tukio moja ambalo linaonyesha vizuri ninachokisema. Muhula mmoja fedha za michezo za serikali ya wanafunzi zilikuwa zimetangazwa kwenye mbao za matangazo, na siku ya mashindano timu yetu ilicheza kwa jezi za kuazima. Nilimchora Mbebwa akiwa golini amevaa shati lake la mtihani, akimwuliza Mwenyeji kama fedha nazo zimebebwa. Sikumchora kiongozi yeyote. Jioni ile ile kiongozi mwenye dhamana ya michezo alikuja chumbani kwangu na gazeti limekunjwa mfukoni, akaketi ukingoni mwa kitanda, na kwa muda hakusema neno. Kisha akauliza, “Kaka, habari hizo umezipata wapi?” Nikatoka naye hadi kwenye mbao, tukasimama wote wawili tukasoma tangazo lililosainiwa na mweka hazina wake. Akaniambia fedha zimetangazwa lakini hazijatolewa. Nikamwambia aandike hivyo, kwa jina lake. Akaandika. Toleo lililofuata barua yake ilichapwa chini ya katuni, na wiki chache baadaye jezi zilinunuliwa.

Jezi si kitu kikubwa katika historia ya nchi. Lakini nimefanya kazi katika magazeti makubwa kwa muda mrefu tangu siku ile, na sijaona tena mtu aliyechambuliwa na katuni akitembea hatua mia, akaketi na mchoraji, wakaangalia ushahidi pamoja, na msomaji akapata majibu katika ukurasa ule ule. Wakubwa hupiga simu kwa mhariri, au hupeleka barua ya mwanasheria. Kule chuoni mlango ulikuwa karibu, na jina langu lilikuwa limeandikwa juu yake.

Mtaniuliza kama watu wa kubuni wa chuoni wanaweza kuishi nje ya chuo. Mfano mkubwa zaidi ninaoujua uko Marekani. Mwaka 1968 mwanafunzi Garry Trudeau alianza kuchora katuni iliyoitwa Bull Tales katika gazeti la wanafunzi la Chuo Kikuu cha Yale. Mmoja wa wahusika wake, B.D., alitokana na Brian Dowling, nahodha wa timu ya chuo ya mpira wa Kimarekani, mtu ambaye kila mwanafunzi alimwona uwanjani. Huyo alikuwa na cheo kinachojulikana na chuo kizima, hivyo hata kwa kanuni yetu ya bwenini angekaribia kuvumilika. Mwaka 1970 katuni hiyo ikaingia katika magazeti ya nchi nzima kwa jina la Doonesbury, na mwaka 1975 ikawa katuni ya kwanza ya mfululizo kupata tuzo ya Pulitzer. B.D. hakubaki mvulana wa chuo. Alikwenda vitani Vietnam, na mwaka 2004 akapoteza mguu katika vita vya Iraki, na wasomaji waliomjua kwa zaidi ya miaka thelathini wakamwona kwa mara ya kwanza bila kofia yake ngumu. Ninapoitazama picha ile, naona msingi uliojengwa katika gazeti dogo la wanafunzi: mhusika aliyefahamika vizuri kiasi kwamba kuvuliwa kofia tu kunatosha kuleta huzuni.

Kwetu wahusika wengi wa chuo hufa siku ya mahafali. Mchoraji anaondoka, gazeti linakosa karatasi, uongozi wa chuo unataka kuona kurasa kabla hazijachapwa, na wanaobaki wanaona bora kunyamaza. Katika nafasi hiyo iliyoachwa wazi Mzee Punch amerudi, safari hii kwenye simu. Nimeonyeshwa na wanafunzi picha zinazosambazwa katika makundi ya WhatsApp ya vyuo, za wasichana waliotajwa kwa jina, kozi na hosteli, na hakuna anayejua nani alizitengeneza. Tunayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na wengi wetu tunazijua kasoro zake kwa waandishi na wachoraji wanaosema ukweli. Sidhani kama polisi ndio watakaoziondoa picha hizo. Nadhani wanafunzi wakiwa na ukurasa wao wenye majina, unaotoka kwa wakati, wenye mchoraji anayejulikana chumba chake, watakuwa na mahali pa kucheka pamoja na mahali pa kujibu.

Kwa hiyo ombi langu kwa wahariri wa magazeti ya vyuo mlioko hapa ni la kazi. Mpeni mchoraji kona moja isiyohamishwa, toleo hadi toleo, hata kama ni visanduku vitatu tu. Msimtume achore picha ya kupamba habari mliyoikosea picha. Mwacheni abuni watu wake, na barua za wanaolalamika zichapwe chini ya katuni yake.

Na ombi la pili ni kwa wale waliosoma miaka ile. Stensili hazikuhifadhiwa, kwa kuwa zikishatumika zilijaa wino na kutupwa, na nakala za siklostaili zinapauka mwaka hadi mwaka. Nakala nyingi za katuni yangu mimi mwenyewe sina. Mwenye matoleo ya zamani ya gazeti lolote la wanafunzi, la chuo chochote, ayapeleke maktaba yakapigwe picha kabla mchwa hawajayamaliza. Hapa mezani nimekuja na machache niliyonayo, mnaweza kuyashika kwa uangalifu, na sasa niko tayari kupokea maswali.